Kabla hujampeleka mtu kwenye mji wa bahari

Wewe unayeanza kazi ya kupanga safari za watu, swali utakalolisikia mpaka ulichoke ni hili: "Niende mwezi gani?" Miaka yangu ya mwanzo nililijibu chapuchapu. Mji uko kaskazini ya Ikweta? Julai au Agosti. Uko kusini? Desemba au Januari. Nilitazama jedwali la joto la hewa, nikafunga kitabu. Jedwali lilikuwa sahihi kabisa, na wateja wangu walirudi wamekasirika.

Familia moja niliipangia San Francisco mwezi Julai. Walishuka na kaptula na ndala, watoto wamebeba ndoo za kuchezea mchanga. Siku tatu mfululizo hawakuliona daraja la Golden Gate zaidi ya miguu yake, na siku ya pili baba akanunua majaketi ya watu watano. Mji ule kiangazi chake ni cha ukungu. Upepo wa kaskazini-magharibi huyasukuma maji ya juu yaondoke pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa, hugeuka ukungu, na joto la mabonde ya bara huuvuta ukungu huo hadi mjini. Mwezi wenye joto zaidi pale kwa kawaida ni Septemba, wakati watoto wamesharudi shule na wapangaji wa safari wageni kama nilivyokuwa mimi wameshaacha kuuza safari.

Tangu hapo nilianza kusoma maji kabla ya hewa.

Jambo la kwanza la kushika: bahari ni nzito wa kupashika na nzito wa kupoa. Nchi kavu hupata joto upesi jua likizidi, bahari hufuata nyuma kwa wiki kadhaa, mara nyingi zaidi ya mwezi. Chukua Barcelona. Mei na Oktoba, ukiwa umekaa barazani, huwezi kuona tofauti kubwa ya hewa. Ingia majini sasa. Mei maji yana nyuzi 17 hivi, Oktoba yako karibu 21, kwa sababu bado yanatumia akiba ya kiangazi. Mteja anayetaka kutembea tu mpe Mei, siku ni ndefu. Anayetaka kuogelea bila msongamano mpe mwisho wa Septemba. Watu hawa wawili watakuuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, kwa hiyo ni kazi yako kuchimba: huyu anakwenda kufanya nini hasa?

Jambo la pili, usidanganywe na ramani. Vladivostok ya Urusi na Marseille ya Ufaransa ziko karibu katika latitudo moja, nyuzi 43 kaskazini. Marseille watu hukaa nje kunywa kahawa mwezi Januari wakipata siku ya jua. Vladivostok mwezi huohuo bahari ya ghuba huganda, na wavuvi hutoboa mashimo kwenye barafu wakakaa juu yake. Sababu ni upepo: majira ya baridi Vladivostok hupigwa na hewa inayotoka ndani ya bara la Asia, na kiangazi upepo hugeuka ukaleta ukungu na mvua kutoka baharini. Wenyewe husifu Septemba. Sisi tunaozungumza lugha iliyozaa maneno kaskazi na kusi tusingepaswa kuhitaji kufundishwa kwamba upepo ukigeuka mji hugeuka nao, lakini nakiri kwamba nilijifunza kwa gharama ya mteja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Cape Town, maana unavunja kila kanuni ya haraka. Desemba na Januari ndiyo kiangazi chake, jua kali, hakuna mvua. Ndipo pia upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na upepo huo huyaondoa maji ya juu upande wa Atlantiki hadi maji baridi yapande. Kwa hiyo fukwe zinazopendeza zaidi kwenye picha huwa na maji ya kukata mifupa katika siku zenye joto kuliko zote. Ukivuka upande wa pili, kwenye ghuba ya False Bay, maji huwa na uvuguvugu wa kuvumilika. Upepo huohuo husimamisha gari la kebo la Table Mountain bila kumwonea mtu haya. Usimpangie mteja mlima siku ya mwisho ya safari. Mpangie siku ya kwanza, ili likisimama awe na siku nyingine za kujaribu. Na ukimpeleka katikati ya mwaka, majira ya baridi na mvua, ulizia kwanza matengenezo ya kila mwaka, kwani gari hilo hufungwa kwa siku kadhaa.

Lima, mji mkuu wa Peru, nitaigusa tu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, anga yake ni kijivu, manyunyu membamba, jua adimu. Hata hivyo ni mji wa jangwani, mvua ya kweli karibu hakuna. Mkondo baridi wa Humboldt, unaopita pwani hiyo, ndio unaofanya hivyo. Mteja hahitaji mwavuli, ila usimuuzie machweo.

Sasa bamvua na maji mafu. Wapangaji wengi niliofanya nao kazi walijua bei za vyumba kwa kichwa lakini hawakujua kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kubwa, ndiyo bamvua. Mwezi ukionekana nusu, maji hulegea, ndiyo maji mafu. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Na misimu nayo imo humu, kwani bamvua kubwa zaidi huja karibu na Machi na Septemba, siku na usiku zinapolingana.

Kosa langu nililifanya Saint-Malo, Ufaransa, mahali ambapo bamvua kubwa hufanya tofauti ya zaidi ya mita 12. Maji yakipwa, watu hutembea kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé, lilipo kaburi la mwandishi Chateaubriand. Nilinakili ratiba ya msafara wa mwaka uliotangulia, tarehe zilezile, saa nne asubuhi. Msafara ukafika ukakuta bahari. Mwezi wa angani haufuati tarehe zetu za ofisini, na mimi nilikuwa nimeshaandika "matembezi ya kisiwani" kwa herufi nene. Afadhali hivyo kuliko lile jingine linalotokea pale, la watu kuvuka wakachelewa kurudi, njia ikafunikwa, wakabaki kisiwani wakingoja maji yapwe tena.

Venice ina namna yake. Maji makubwa huja zaidi kati ya Oktoba na Januari, sirocco, upepo wa kusini-mashariki, ukisukuma bahari ya Adriatiki wakati maji tayari yamejaa. Mwaka 1966 yalifika sentimita 194 juu ya kiwango cha kupimia cha mji, na Novemba 2019 yakafika 187. Tangu Oktoba 2020 milango ya MOSE, vizuizi vilivyowekwa kwenye midomo ya wangwa wake, huinuliwa kuyazuia maji makubwa, kwa hiyo zile hadithi za watu kupiga makasia uwanjani zimepungua. Hata hivyo mvua na baridi ya unyevu zipo, na viatu vya ngozi vya mteja ni juu yako kuvitetea mapema.

Miezi ya mvua na dhoruba wageni wa kazi huikimbia yote kwa pamoja. Mimi naigawa mara mbili. Mumbai hupata zaidi ya mita 2 za mvua kwa mwaka, na karibu yote huanguka Juni hadi Septemba. Treni huchelewa, barabara hujaa maji, na bahari ikichafuka boti za kwenda kisiwa cha Elephanta husitishwa. Lakini wakazi wenyewe hutoka kwenda Marine Drive, barabara ya kando ya bahari, kutazama mawimbi yakiruka ukuta, na nimewahi kuwa na mteja aliyetaka hilo na si kitu kingine. Huyo unampeleka, unampa siku nyingi zisizo na ratiba.

Vimbunga ni habari tofauti. Msimu wa Atlantiki ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na 10 Septemba, pale bahari iliyopashwa kiangazi kizima inapokuwa na chakula cha kutosha cha kulisha dhoruba. Ndiyo maana Septemba vyumba vya Miami hushuka bei. Mteja akiichagua bei hiyo, asichague akiwa gizani. Bima inunuliwe mapema, kwa sababu dhoruba ikishapewa jina, bima nyingi hazilipi tena kwa ajili yake.

Kuhusu majira ya baridi, onyo ni moja: piga simu. Picha za Dubrovnik, Croatia, ni zilezile mwaka mzima, ila kuanzia Novemba migahawa na hoteli nyingi za mji mkongwe hufungwa, na feri za visiwani hupungua. Waokoaji wa ufukweni nao huondoka, na mkondo unaovuta kwenda nje hauondoki. Kwa upande mwingine kuna miji ambayo nisingeiuza msimu mwingine. Brighton, Uingereza, jioni za Novemba hadi Februari, makundi makubwa ya ndege wadogo weusi huzunguka juu ya gati kabla ya kulala, kama moshi ulio hai. Kiangazi ukienda huwaoni, utaona foleni ya aiskrimu.

Mshahara wako wa kwanza ukiruhusu, rudi kwenye mji mmoja unaoudhani unaujua, katika mwezi ambao usingempeleka mtu. Kaa siku nne. Amka alfajiri uone upepo unatoka wapi, kisha tazama saa nane mchana ulivyogeuka, maana upepo wa baharini wa mchana hupoza ngozi mtu akaungua bila kujua. Andika yaliyofungwa na yaliyo wazi. Daftari langu la San Francisco sasa lina kurasa za Januari, Mei na Septemba. Ukurasa wa Julai una mstari mmoja: majaketi matano.