Mashine Ilipoziba Mwanya wa Marehemu

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, ya studio, nyeusi na nyeupe, imekunjwa mara mbili na kukaa miaka mingi ndani ya Msahafu. Aliyeileta ni mama mmoja wa Ujiji, mtu mzima, akaitoa kwenye pindo la kanga kama anayetoa dhahabu. Mama yake mzazi alikuwa ametangulia mbele ya haki wiki ya tano hiyo, na familia ilitaka picha kubwa ya kuweka kwenye fremu kabla ya arobaini. "Nimesikia una mashine inasafisha picha," akasema. Nikamjibu ninayo. Shilingi 5,000, njoo kesho saa nne.

Mimi nina duka la steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kopi, kuprinti, kuskani, laminesheni, paspoti saizi, barua za kila aina, na maombi ya mtandaoni kwa wale ambao simu zao hazifungui zile fomu. Kusafisha picha nilikuwa nimekuanza miezi michache nyuma, baada ya kupata programu moja ya akili mnemba kwenye simu. Unaingiza picha iliyochakaa, unasubiri bando lifanye kazi yake, inatoka inang'aa. Hakuna ujuzi wowote unaohitajika, na nadhani shida ilianzia hapo.

Kesho yake akaja na binti zake wawili na shangazi yake, bibi wa makamo ya juu kabisa. Nikawawekea karatasi mezani. Mabinti wakasema mashaallah. Shangazi akaichukua, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kitambo, kisha akauliza taratibu: "Huyu ni nani?"

Nikadhani ni macho ya uzee. Kumbe asiyeona ni mimi. Marehemu alikuwa na mwanya, na kwenye ile picha ya zamani ulionekana wazi kwa sababu alikuwa anatabasamu. Mashine ilikuwa imeuziba. Meno yamejipanga kama ya kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto halipo. Ngozi imetakata mpaka imekuwa ya mtu mwingine. Yule mama hakusema neno, alijifunika mdomo kwa kanga tu, na alipoitoa kusema "haya, si neno", ndipo nikaona nilichopaswa kukiona tangu jana yake: na yeye ana mwanya uleule.

Nikamrudishia hela yake. Nikaiskani ile picha ilivyo, mikunjo na vyote, nikaikuza nikaprinti. Mkunjo mmoja ulipita begani, mwingine ukakata leso ya kichwani. Wakaichukua hiyo.

Nawasimulia haya kwa sababu najua mko wengi mnaofanya kazi kama yangu, kuanzia Kasulu mpaka Tabora, na hizi programu zimeshaingia kwenye simu za kila mtu. Kuna jambo nililolielewa kwa kuchelewa: mashine hizi hazisafishi picha. Kusafisha ni kufuta vumbi ukakuta kilichokuwa chini yake. Pale palipofutika hapana kitu chini, na mashine haimjui marehemu. Inachofanya ni kukisia. Imeonyeshwa mamilioni ya nyuso, basi inaweka pale kile ambacho kwa kawaida huwa pale kwenye nyuso ilizozizoea. Na nyuso ilizozizoea ni za nani? Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walizipima programu za kampuni kubwa zinazotambua kama sura ni ya mwanamke au mwanaume. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, programu iliyofanya vibaya zaidi ilikosea kwa asilimia 34.7. Kazi hiyo si sawa kabisa na ya kurudisha picha ya zamani, na zimeboreshwa tangu wakati huo, lakini ugonjwa unafanana: mashine ikishalishwa sura za aina moja, sura yako inaiona kama makosa ya kusahihishwa. Mwanya ambao bibi zetu walisifiwa nao kwenye nyimbo za harusi, yenyewe iliuona ni pengo.

Kwa hiyo siku hizi, mtu akileta picha ya marehemu, namwambia kabla sijagusa kitu: hii mashine itabuni, na unaweza kupata mtu mwingine. Nampa ya kuskani kwanza, bei nafuu. Akitaka ile nyingine, nakaa naye tuikague pamoja, jicho kwa jicho, kovu kwa kovu, na ile ya asili lazima aondoke nayo. Paspoti saizi za kitambulisho sizipitishi huko kabisa. Vijana huniomba "nitoe weusi kidogo, dada", nawajibu waende wakanunue poda.

Hapa kwetu tuna neno zuri, amana. Mtu akikuachia tenga lake la dagaa pale Kibirizi umshikie akaswali, akirudi atalikuta lilivyo. Hukuambiwa ulipunguze, wala hukuambiwa umuongezee. Nimegundua kwamba steshenari ni biashara ya amana mwanzo mwisho. Sura ya mtu, jina lake, cheti chake, maneno yake, vyote vinapita mikononi mwangu, na mimi nilikuwa navikabidhi kwa mashine isiyojua hata neno hilo lina maana gani.

La maneno ndilo lililoniuma zaidi.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Gungu, zaidi ya miaka 70, hajui kusoma. Jirani yake aling'oa minyaa ya mpaka akaipanda upya hatua tatu ndani ya kiwanja cha mzee. Akaja nimwandikie barua ya baraza la kata. Siku hiyo foleni ilikuwa mpaka nje, mitihani ya wanafunzi inaprintiwa, umeme umekatika mara mbili. Zamani ningemkalisha, nikamsikiliza, nikaandika. Siku hiyo nikaiandikia akili mnemba mistari mitatu: mzee, kiwanja, jirani, minyaa, andika barua rasmi. Ikatoka barua ya ukurasa mzima, Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Nikaipitisha macho juu juu, nikaprinti, mzee akachovya dole gumba kwenye wino, akabandika pale chini.

Barazani ikasomwa. Ndani yake kulikuwa na sentensi isemayo kwamba jirani "alitoa maneno ya vitisho mbele ya mashahidi". Mzee hakuwahi kuniambia hivyo. Jirani akasimama: "Mzee wangu, nilikutishia lini? Na hao mashahidi ni akina nani?" Mzee akabaki anatazama watu. Hakujua kama hayo maneno yamo. Mtu ambaye minyaa yake kweli imeng'olewa, akaonekana muongo mbele ya wajumbe waliomjua maisha yao yote, kwa maneno yaliyobuniwa na kitu kisichowahi kuiona Gungu.

Na barua iliomba baraza "litoe hukumu". Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mashine ilikuwa inanilisha ya zamani kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na sauti ile ndiyo inayotuponza. Mtu asiyejua husita, hujikuna kichwa, unamshtukia. Hii haijikuni. Mwaka 2023 kule New York mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT, programu ya akili mnemba, ilizitunga. Hao ni mawakili wenye vitabu ofisini. Mimi na mzee wangu tungepona wapi?

Nilikwenda kwake jioni kuomba radhi. Shikamoo aliitikia, kiti akanipa, lakini aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau: "Mwanangu, mimi niliweka dole langu kwenye maneno ya nani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kusema "ni ya kompyuta" ingekuwa kumtukana mara ya pili. Kompyuta haiitwi barazani. Maneno yalikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeyatoa kwenye printa na kumkabidhi.

Sijaiacha hiyo akili mnemba, nisiwadanganye. Naitumia kupanga ratiba, kutafsiri maelekezo ya mashine ya Kichina, kusahihisha herufi. Lakini barua ya mtu sasa naandika mwenyewe kwanza kutoka mdomoni mwake. Hata nikiisahihisha kwa mashine, naisoma yote kwa sauti mbele yake kabla ya saini. Kila sentensi namuuliza: ulisema hivi? Inakula muda, na wateja wengine wanakereka. Wapo walionihama wakaenda kwa jirani anayetoa barua kwa dakika mbili. Sina la kuwafanya.

(Pembeni kidogo: zoezi la kuboresha daftari la wapiga kura lilipoanzia huku kwetu Kigoma, Julai 2024, vijana walijaa dukani na maombi ya zile kazi za muda. Siku moja niliprinti barua tisa zenye sentensi ileile, "nina shauku kubwa ya kuchangia ujuzi wangu katika taasisi yako tukufu". Vijana tisa, shauku moja.)

Sasa kuna hili la mafaili, ambalo wengi wetu tunalipuuza kwa sababu halionekani. Wateja hunitumia vyeti, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa), hati za viwanja na majibu ya hospitali kwa WhatsApp. Simu ya duka ilikuwa inavihifadhi vyenyewe. Siku moja mwanangu wa darasa la tano alikuwa anatafuta katuni kwenye hiyo simu, akaniuliza, "Mama, huyu mtu anaumwa nini?" Nilishtuka. Nikafungua nikakuta vitu vya miaka miwili, mamia kwa mamia, vya watu ninaokutana nao sokoni.

Nilichofanya ni kuzima ile sehemu ya kuhifadhi yenyewe kwenye WhatsApp, na kila jioni kabla ya kufunga nafuta, kisha nafuta na kwenye pipa la taka la kompyuta, maana wengi huishia nusu. Ya hospitali naifuta mwenyewe akiwa bado amesimama pale, aone. Na karatasi yenye jina na namba ya NIDA siiingizi kwenye programu yoyote ya akili mnemba hata iwe ya kunirahisishia kujaza fomu, kwa sababu nikishaituma sina tena ufunguo wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haikuandikwa kwa ajili ya mabenki na kampuni za simu tu, na Tume ya kuisimamia ipo. Lakini kusema kweli mimi sikusubiri sheria. Lile swali la mtoto lilitosha.

Na wewe msomaji usiye na duka, usijione umepona. Una amana mfukoni. Mwaka jana nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua: fulani ni tapeli, anadaiwa, mwambie alipe la sivyo. Huyo fulani ni fundi aliyewahi kunitengenezea mlango. Alikopa shilingi 40,000 kwenye programu ya simu, na wakati wa kuiweka ikamuuliza kama inaruhusiwa kuona namba zake zote. Akabonyeza ndiyo. Alidhani anatoa kilicho chake. Kumbe alitoa namba yangu, ya mkwe wake, ya ustadhi na ya mwalimu wa wanawe, na wote tulitumiwa aibu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ukitaka kukopa, hakikisha kwanza mkopeshaji ana leseni. Programu ikikuomba orodha ya namba za simu ili ikupe mkopo, jiulize wale watu ungewafuata mmoja mmoja ukawaomba ruhusa? Kama huwezi, kataa hapohapo.

Nimeulizwa na dada mmoja kama sasa naogopa teknolojia. Siogopi, ndiyo inayonilipia kodi ya fremu ya duka. Ninachokwepa ni ile raha ya kubonyeza kisha kusema "mimi sikufanya, mashine ndiyo imefanya".

Yule mzee wa Gungu alikaa miezi hajakanyaga dukani. Wiki iliyopita akaja, shauri lake limefika wilayani, anataka maelezo yaandikwe upya. Nikafungua daftari, nikaandika kwa kalamu kadiri anavyosema, tukafika kwenye minyaa akanisimamisha: "Andika hatua tatu. Si nne. Tatu." Nikaandika tatu. Nilipomaliza kuchapa nikamsomea mara mbili. Akanyamaza kidogo, akaitazama kompyuta, akaniuliza, "Na yeye ameongeza kitu?"

"Hapana, babu. Hajaulizwa."

Akavuta kidau cha wino.