Jibu: Mwanachama wa Kew, nimezunguka mara tatu, nirudie nini?

Ndugu, umeuliza urudi Kew, bustani ya mimea ya London, kutazama nini tena baada ya kuizunguka mara tatu. Tatizo ni huko kuzunguka. Bustani ina zaidi ya hekta 120. Ukitaka kuimaliza kwa siku moja utaona njia tu, si mimea. Kwa kadi ya uanachama unaweza kuingia kwa saa moja na kuondoka bila hasara, basi chagua sehemu moja kila uendapo.

Badilisha geti pia. Victoria Gate iko karibu na Palm House, nyumba ya vioo ya minazi na mitende. Lion Gate, upande wa Richmond, inakutoa karibu na pagoda, mnara wa mtindo wa Kichina wa 1762.

Februari nenda Princess of Wales Conservatory, nyumba nyingine ya vioo: ina kanda 10 za hali ya hewa, na msimu huo hujaa okidi. Ukitoka baridini na kuingia humo kwenye joto, lenzi ya kamera hushika ukungu. Usiifute, iache ipate joto kwanza.

Mwishoni mwa Aprili fuata maua ya bluebell karibu na Queen Charlotte's Cottage. Hudumu wiki chache tu, kwa hiyo rudi kila wiki, kona ileile, uone yanavyofunguka. Great Broad Walk Borders, mita 320 za maua, iache hadi Julai.