Sehemu ya tatu ya The Godfather haistahili kubezwa
Wanaodai kwamba filamu hii ya mwaka 1990 haikupaswa kutengenezwa kabisa hutaja kukosekana kwa Robert Duvall, mwigizaji aliyekuwemo katika sehemu mbili za kwanza, na uigizaji wa Sofia Coppola, ambao nakubali kuwa ni dhaifu, lakini hulipita lile tukio ambalo Michael Corleone, mkuu wa familia ya mafia, akiwa mgonjwa wa kisukari, anaangua kilio mbele ya Kardinali Lamberto na kuungama kwamba aliamuru ndugu yake auawe. Katika sehemu mbili za kwanza hakuna mahali anapolikiri kosa hilo kwa uwazi kama huo. Halafu kuna ngazi za jumba la opera la Teatro Massimo, Palermo, ambako Al Pacino, anayemwigiza Michael, anapiga ukelele usiosikika kwanza. Kwangu, hapo ndipo alipoigiza vizuri kuliko kwingineko kote katika mfululizo huu.