Ukianza kusoma sheria za COOPEC, anzia gisheni

Wadogo zangu mnaoingia sheria ya biashara hapa Goma, na ninyi mliopewa staje (mazoezi ya kazi) kwenye COOPEC, yaani ushirika wa akiba na mikopo, bila kuulizwa kama mnaipenda, mimi nilianza vibaya. Nilianza na vitabu vya makampuni, nikadhani chama cha akiba na mikopo ni benki ndogo yenye viti vya plastiki. Ilipita miezi kabla sijaona kwamba kabla ya kuuliza sheria ni namba ngapi, uulize kwanza: huyu aliyesimama gisheni, pale dirishani pa kulipia, ni nani?

Siku moja alikuja mama muuza samaki wa soko la Kituku. Kitabu chake cha akiba alikuwa amekifunga ndani ya mfuko, maji ya samaki yasikilowanishe. Akasema: "Mtoto yangu, niko nahama. Nipatie feza yangu yote, ile ya kuingilia na ile ya kila juma." Mtu wa gishe akamhesabia ile ya kila juma. Ile ya kuingilia akamwambia aandike barua, angoje. Mama akawaka: barua ya nini, na zote ni zangu?

Zote ni zake kweli, lakini si kwa namna moja. Ile ya kila juma ni deni: COOPEC inadaiwa na mama, basi. Ile ya kuingilia ndiyo tunaita part sociale, kipande cha mtaji. Kwa kipande hicho mama si mteja tu, ni mmoja wa wenye chama. Akikitaka, hadai deni, anajitoa, na kujitoa kunafuata statuts, katiba ya chama: barua, muda wa kungoja, hesabu ya mwaka. Chama kikiwa na hasara, kipande kinaweza kurudi kimepungua. Na chama kikianguka kabisa, mwenye akiba anasimama kwenye foleni ya wanaodai, mwenye kipande anangoja nyuma yao. Upande wa pili, kipande hicho kinampa kura katika mkutano mkuu, kura moja sawa na ya mfanyabiashara mwenye vipande mia. Kwenye kampuni ya hisa, pesa ndiyo inapiga kura. Huku ni mtu. Jizoezeni kumweleza mama haya kwa Kiswahili kitupu. Mimi siku ile nilishindwa, nikabaki natamka "capital variable", mtaji unaopanda na kushuka, mbele ya mtu anayechelewa gari.

Sasa maandiko. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na Acte uniforme (sheria ya pamoja) ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ikawa sheria yetu. Wanafunzi wengi wanaandika hapo "COOPEC inaongozwa na OHADA", wanafunga daftari. Fungua kifungu cha 2: ushirika unaofanya kazi ya benki au ya fedha unafuata pia sheria zinazohusu kazi hiyo, zile za nchi zikiwemo. Ndiyo maana huwezi kuiruka sheria namba 002/2002 ya tarehe 2 Februari 2002, ya COOPEC zenyewe. Mtu wa Goma tarehe hiyo haimsumbui kichwa: volkano ilishuka mjini tarehe 17 Januari mwaka huohuo. Wazee wetu walikuwa bado wanatafuta mipaka ya parseli (viwanja) chini ya mawe ya moto, na huko Kinshasa sheria inatiwa saini. Kisha ikaja sheria namba 22/069 ya tarehe 27 Desemba 2022 kuhusu taasisi za mikopo. Hiyo iwe mezani kila mara. TFC nyingi (kazi za kumaliza masomo) mtakazoazima ziliandikwa kabla yake, na kunakili kifungu bila kuangalia kama bado kinasimama ni njia fupi ya kuaibishwa mbele ya jury, walimu wanaowapima.

Likelemba ya majirani kumi wanaochanga na kupeana pesa kwa zamu si COOPEC. Lakini ikianza kupokea akiba za watu wa nje, inahitaji kibali cha Banque Centrale du Congo, hata wote wakiwa wa kanisa moja.

Kwenye dhamana ndipo nilipoungua mwenyewe. Katika chama kimoja nilichofanyia kazi, nilipewa dosie (faili) ya mkopo wa muuza mbao. Dhamana ilikuwa parseli, na karatasi yake ilikuwa acte de vente (hati ya mauzo) iliyopigwa muhuri na shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, na mashahidi watatu. Muhuri ulikuwa mzuri, wa bluu, umeshika vizuri. Nikaandika kwenye mkataba "hypothèque", yaani rehani, kwa herufi kubwa. Yule mtu aliposhindwa kulipa, tulikuta parseli imeuzwa kwa mwingine, kwa karatasi kama ile ile na muhuri kama ule ule. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 219, inasema haki juu ya ardhi inathibitika kisheria kwa certificat d'enregistrement (hati ya usajili), na Acte uniforme ya dhamana nayo inataka rehani iwekwe juu ya mali iliyosajiliwa. Neno langu la herufi kubwa halikuwa na kitu chini yake. Tukawa wadai wa kawaida, tumepanga foleni na muuza misumari.

Je, mwenye karatasi ya kartie tu asikopeshwe? Hapana, huo ungekuwa ujinga, maana ndio wengi. Mkopeshe kwa wadhamini wawili wanaolipa vizuri, kwa akiba iliyozuiwa, kwa mkopo mdogo kwanza. Ila usiite rehani kitu ambacho si rehani.

Jambo lingine la dosie: bado nakuta fomu zinazomtaka mama alete "autorisation ya bwana", ruhusa ya mume. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyorekebisha sheria ya familia, iliondoa hilo. Kifungu cha 448 sasa kinataka mume na mke wakubaliane wanapojifunga kisheria. Kwa hiyo baba anayekopa anatakiwa awe amekubaliana na mama vilevile, na fomu iseme hivyo. Afisa mmoja wa mikopo alinicheka nilipomwambia. Nikamfungulia kifungu, akasoma, akanyamaza, akaendelea kutumia fomu ya zamani kwa sababu zilikuwa zimebaki rundo zima.

Na swali ambalo mtaulizwa mjini, mpende msipende: tangu mabenki yafunge Goma mwisho wa Januari 2025, COOPEC iliyoweka pesa yake benki inaweza kumwambia mwanachama "force majeure", yaani jambo lililotushinda nguvu? Tofautisheni. Kuchelewa kunaweza kuwa na udhuru. Deni lenyewe haliondoki, maana pesa si nyumba iliyofunikwa na lava. Andikeni hivyo kwenye barua, na mtie tarehe.

Siku ya kwanza ya staje, kabla ya kupewa kompyuta, ombeni statuts, règlement intérieur (kanuni za ndani) na PV (kumbukumbu) ya mkutano mkuu wa mwisho. Kama PV haionekani, ulizeni meneja alipewa na nani mamlaka ya kusaini mikopo, halafu mtazame nani anamtazama nani.