Mambrui na watoto: nendeni jua likiwa changa

Mara ya kwanza tulifika Mambrui, kwenye vilima vya mchanga kaskazini ya Malindi, saa sita na dakika kumi mchana. Nazitaja hata dakika kwa sababu saa ndiyo iliyotuharibia siku. Tulitoka Kisauni saa mbili asubuhi, tukakaa kwenye foleni ya Mtwapa hadi mkwe wangu akamaliza uradi wake wote, tukasimama Kilifi kununua korosho, tukasimama tena Gede kwa haja za kitinda mimba, na Malindi mume wangu akataka chai. Tulipoegesha gari chini ya vilima vya mchanga, jua lilikuwa utosini. Mwanangu wa miaka sita alivua ndara, akakimbia hatua kama kumi kuelekea juu, kisha akasimama na kulia. Mbele haendeki, nyuma harudiki.

Babake alimkimbilia, akachimba kwa kisigino, akamwambia atie miguu humo ndani. Kilio kikakatika papo hapo. Sisi wa Mombasa tumezoea mchanga wa Nyali na Bamburi, ule unaolowa maji yakijaa na kutoka. Huu wa vilimani ni mkavu, na mchanga mkavu haupitishi joto kwenda chini; joto lote linabaki juu. Shibiri moja tu chini yake ni baridi. Basi, mtoto akiungua, usianze kumvuta huku anaruka. Chimba, mtie miguu, ndipo umbebe.

Tumerudi mara tatu tangu siku ile, na sasa hatuna ratiba nyingine: tukishaswali Alfajiri, gari linawaka. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na Mambrui iko mbele kidogo, ukishavuka daraja la Sabaki. Ukipita Mtwapa kabla malori hayajaamka, saa mbili uko vilimani. Chai mtakunywa huko huko. Tunacheza hadi saa nne, au saa nne na nusu siku ya mawingu, kisha tunaondoka hata kama watoto wanalia. Wengine watakwambia jioni ndiyo nzuri, na kwa picha ni kweli. Lakini utarudi usiku kwa barabara ya Malindi, watoto wamelala, nawe umechoka na taa za mabasi zinakupiga machoni. Jioni ni ya wanaolala Malindi.

Kuhusu msimu, mimi napenda likizo ya Agosti. Ni kusi, hewa imepoa. Desemba ni kaskazi, na joto lake mnalijua. Ubaya wa kusi ni upepo wenyewe, ambao unazidi kadiri mchana unavyosogea. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuambiwa na mtu: mchanga unaopeperushwa hauendi juu sana. Chembe nyingi zinarukaruka chini ya goti la mtu mzima. Ukisimama utasema pametulia, kumbe mtoto aliyekaa chini zinampiga usoni. Kila mtoto awe na leso ya kujifunga kichwa na pua, na miwani ya jua kama ipo, hata ile ya bei rahisi ya sokoni.

Chakula pia usikiandalie kileleni. Sisi tulikwenda na biriani, Mungu atusamehe. Kileleni, kwenye mkeka, kwa bakuli la wazi. Tulitafuna mchanga kuliko nyama, na mkwe wangu hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko angesema. Siku hizi nachukua mahamri, mayai ya kuchemsha na viazi karai vilivyofungwa kimoja kimoja, na tunakula nyuma ya kilima upepo usikofika, au tunangoja turudi kwenye gari. Maji ni lita mbili kwa kila mtu, na zaidi kidogo kwa wanaokimbia. Madafu ni mazuri lakini hayatoshi, tena watoto wakishaona dafu hawataki maji tena.

Sasa mchezo wenyewe. Mkwe wangu ni binti wa nahodha wa Mji wa Kale, na alipoona wajukuu wanahangaika kupanda, akaniambia: "Mwanangu, waambie wapande joshini, wateleze demani." Nilidhani ni mazungumzo ya majahazi tu. Kumbe kilima cha mchanga ni vivyo hivyo. Upande unaopigwa na upepo, ndio joshini, una mteremko mdogo na mchanga wake umeshindiliwa, mguu hauzami sana. Upande wa nyuma, yaani demani, ndiko chembe zinakomwagika na kujipanga kwa mwinuko mkali, laini kabisa. Kuupanda ni adhabu, unakwenda hatua mbili unarudishwa moja. Kuuteremka ndiyo raha yenyewe.

Cha kutelezea tumejaribu vingi. Beseni linakwama na kupindua mtoto. Gunia la mchele, lile la plastiki, linateleza kiasi kwa mtoto mwepesi. Kilichotufaa ni kipande cha ubao mwembamba wa fundi, kimepigwa msasa na kupakwa mshumaa upande wa chini, na kupakwa tena kila wakishuka mara tatu nne. Wakae, wasisimame. Na chini pawe wazi, pasiwe na kisiki wala mtu.

Jambo moja naomba mlichukulie kwa uzito: mashimo. Watoto wakikuta mchanga baridi chini watachimba, na watataka kuingia. Mchanga mkavu hauna ukuta, unaporomoka kwa ghafla na ni mzito mno kwa kifua cha mtoto. Kwetu sheria ni shimo lisizidi goti la mdogo kuliko wote, na hatuijadili.

Tena msiende kuwaogesha kwenye mlango wa mto Sabaki eti maji yametulia. Kuna viboko na mamba pale. Mpitapo darajani waonyesheni tu ule wekundu wa maji, maana ndio asili ya safari yote. Mto huu unaanzia huko juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, kisha Sabaki, na njia nzima unabeba udongo hadi baharini. Mawimbi yanaurudisha mchanga ufuoni, upepo unauinua. Ndiyo maana bahari ya Mambrui mara nyingi si ya samawati kama ya Watamu, na mkiwaahidi watoto maji ya kuona samaki mtaonekana waongo. Ila mchanga wenyewe unameremeta, una vipande vidogo vya ulanga, na wanangu waliujaza mifukoni wakidhani ni dhahabu.

Gari tulilizamisha. Vijana wawili walituonya, "Mama, hapo hamtapita," mume wangu akapita. Gurudumu likizunguka bure, acha mafuta mara moja, kila ukikanyaga unachimba kaburi. Walitutoa kwa kupunguza upepo wa magurudumu na kutandika makuti mbele yake. Kisha tukaenda polepole hadi Malindi kuujaza upepo. Kama gari lenu ni dogo, liacheni penye ardhi ngumu mtembee. Na mkichukua kijana wa kuwaongoza au kulinda gari, mwelewane bei kabla hamjashuka, kwa heshima, nao watawafaa kuliko ramani ya simu.

Mambrui yenyewe ni mji wa kale wa Waswahili, basi mkipita mitaani vaeni vizuri. Kuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina, na mwaka 2010 wachimbuzi walipata karibu na hapo sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle. Mume wangu aliwaeleza watoto hayo yote, pamoja na habari za twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415. Walimsikiliza hadi neno twiga, kisha wakauliza ubao uko wapi.

Kabla ya kuingia garini, wapakeni poda ya mtoto miguuni na shingoni, kisha mpanguse kwa kitambaa kikavu. Mchanga unatoka wote bila kusugua. Usitumie maji, yanaugandisha. Viatu vikung'uteni nje, leso zifungeni kwenye mfuko wa nguo, na mifuko ya suruali muikague mmoja mmoja. Mimi sikukagua mara ya kwanza, na mashine ya kufulia ilikula ile dhahabu yote.