Barua kwa mwanangu anayejifunza kurusha helikopta

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Umeniuliza: helikopta ya mafunzo ikianguka kwa hitilafu ya mashine, na aliyekuwa akiirusha hakukosea lolote, basi mafunzo yanamfaa nini? Na je, nataka uache?

Hitilafu si za namna moja. Injini ikizima hewani, bado ipo njia. Unashusha wenzo wa kushoto papo hapo, mapanga ya juu yanalala bapa, na hewa inayopanda kutoka chini inayazungusha huku mkishuka. Karibu na ardhi unainua pua kupunguza kasi, kisha nguvu iliyobaki kwenye mapanga ndiyo ya kutulia. Lakini Robinson R22, hiyo helikopta ndogo unayojifunzia, ina mapanga mepesi: ukichelewa sekunde moja au mbili, mzunguko umepotea na haurudi. Ndiyo maana mwalimu anakupunguzia nguvu ya injini ghafla bila kukuonya. Usimnunie. Na mkiwa chini sana kwa mwendo mdogo, nafasi ya kufanya hayo haipo hata kwa bingwa.

Ila ipo hitilafu nyingine, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi mimi niliyezeekea kwenye mashine za boti. Tarehe 29 Aprili 2016, karibu na Turøy nchini Norway, helikopta aina ya H225 iliyotoka kwenye jukwaa la mafuta baharini iling'oka mapanga makuu ikiwa angani. Watu wote 13 walikufa. Wachunguzi walikuta gia moja ndani ya giaboksi imekatika kwa uchovu wa chuma, yaani chuma kupasuka polepole kwa kubeba mzigo mara nyingi. Ufa ulitembea ndani kwa ndani, ukatoa chenga za chuma chache mno, hata kifaa cha kunasa chenga hakikutoa onyo. Kule Leicester, Uingereza, tarehe 27 Oktoba 2018, ilikuwa beringi ya panga la mkia. Ilikwama, helikopta ikazunguka bila kushikika, wakafa watano. Wale marubani walikuwa wazoefu, mwanangu. Sitakudanganya: hapo ujuzi wa mikono haukuwa na pa kushika.

Basi kinachobaki ni kabla ya kupaa. Omba kitabu cha kumbukumbu za ndege ukisome mwenyewe, usisomewe. R22 hufumuliwa na kufanyiwa matengenezo makuu ikifika saa 2,200 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Ujue yako imefika wapi. Gusa kila mahali oili inapoweza kuvuja. Taa inayoonya kuwa kuna chenga za chuma kwenye oili ikiwaka mkiwa hewani, tueni, hata kama mwalimu anasema kiwanja kiko karibu.

Unakumbuka ile ndege ndogo ya mafunzo iliyoanguka hapa Kwachocha tarehe 10 Januari 2025. Waliokufa ni watu watatu waliokuwa chini, kwenye barabara ya Mombasa, wakiendelea na shughuli zao. Kwa hiyo usione haya kukataa kuruka ukidhani unajihurumia mwenyewe tu.

Sitaki uache. Kazi hii umeitaka tangu utotoni na unaiweza. Nataka ukiwa na shaka na chombo useme hapana, mbele ya yeyote, hata siku ya mtihani. Wakikufukuza kwa hilo nipigie, nauli nitatuma siku hiyo hiyo, na shule nyingine tutaitafuta pamoja.

Mamako anakusalimu sana.

Babako