Anataja hadi mia, ukimwomba viazi vitano analeta vyote: jibu la mwalimu wa awali

Dada uliyeuliza kutoka Mafinga, pole kwa wasiwasi, na hiyo pesa ya tuisheni nakuomba uiweke kwanza. Umesema kijana wako ana miaka mitano, anataja namba hadi mia bila kukwama, lakini ukimtuma jikoni akuletee viazi vitano anarudi na vyote alivyoweza kubeba. Na mwalimu wake kakwambia ni mzito wa hesabu. Mimi nafundisha darasa la awali huku Uyole, Mbeya, na watoto wa namna hiyo ndio wengi ninaowapokea kila Januari. Sio wazito hata kidogo. Wamefundishwa kuimba namba, kuhesabu bado.

Kuna watu wanaimba nyimbo za Kilingala kutoka Kongo mwanzo hadi mwisho na lugha yenyewe hawaijui. Moja hadi mia ya kukariri ni hivyo hivyo. Kuhesabu kunataka mambo mawili zaidi: kila kitu kipate namba moja tu, na ile namba ya mwisho iwe ndiyo idadi ya vyote. Hilo la pili ndilo linalowashinda, na sisi wakubwa hatulioni kwa sababu tulishasahau kama tuliwahi kujifunza.

Jaribu leo jioni. Mwekee viazi vinne, mwambie ahesabu, wewe tazama kidole chake na mdomo wake. Mara nyingi mdomo unakitangulia kidole: kiazi kimoja kinapewa namba mbili, kingine kinarukwa. Akimaliza muulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Aliyeelewa atakujibu "vinne" palepale. Ambaye bado ataanza upya: moja, mbili, tatu... Ukirudia swali, anarudia wimbo. Nina binti darasani mwaka huu ambaye kila nikimuuliza "vingapi" alikuwa anashusha pumzi na kuanza tena kwa sauti kubwa zaidi, akidhani sikumsikia vizuri. Kwake swali lile lilikuwa ombi la kuimba.

Hilo jaribio lako la jikoni lina historia. Karen Wynn, mtafiti wa saikolojia ya watoto huko Marekani, alichapisha kazi zake mwaka 1990 na 1992 baada ya kuwaomba watoto wampe vitu kwa idadi anayoitaja. Akaona wanapanda ngazi. Kwanza wanaielewa moja tu, na ukiomba zaidi ya hapo wanakukamatia tu. Kisha mbili, kisha tatu, na kati ya ngazi na ngazi miezi inapita. Wakishavuka tatu au nne ndipo wanapoing'amua kanuni yenyewe, na namba nyingine walizozikariri zinapata maana kwa mkupuo. Watoto wake walikuwa wadogo kuliko wako, ila asiyezoeshwa kuhesabu vitu anazipanda ngazi hizo hizo, anachelewa tu kuanza.

Ndiyo maana nasema kaeni kwenye namba ndogo, na mkae sana. Mbili, tatu, nne. Wazazi wengine wananijia juu wakikuta daftari halina moja hadi mia, wanaona mtoto wa jirani aliye shule ya kulipia kaishajaza kurasa. Nawaelewa, ada inauma. Lakini mtoto anayejaza kurasa kwa kunakili hajui anachokiandika, na akifika darasa la kwanza kwenye kujumlisha atakwama vibaya.

Mtume vijiko viwili. Akileta rundo, usimgombeze. Sema, "Hebu tuone," halafu mvihamishe kimoja kimoja kutoka upande huu wa mkeka kwenda ule, mkitaja. Kuhamisha kunasaidia kuliko kunyooshea kidole, maana kilichokwisha kuhesabiwa kimeondoka mahali pake. Agawe sahani wakati wa kula, kila mtu moja. Mkienda sokoni, simameni kwenye mafungu ya nyanya. Hapa Mwanjelwa utakuta tatu chini na moja juu. Muulize ni ngapi kabla hajaanza kunyoosha kidole, kwa sababu jicho la mtoto linaweza kuvijua vitu viwili au vitatu kwa kuviona tu, na hapo ndipo pa kujengea. Asubuhi za Juni na Julai vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, mimi wangu nawarusharusha: ruka mara tatu, piga makofi mawili. Inahesabika vilevile.

Akishaiweza tano bila kubahatisha, tafuta trei la mayai lililotupwa. Lina nafasi 30, safu sita za nafasi tano tano. Likate vipande vitatu, kila kipande safu mbili, yaani nafasi kumi. Mpe visoda au maharage aweke saba, ajaze safu ya kwanza ndipo aende ya pili. Ataona tano imejaa, mbili zimeongezeka, na nafasi tatu ziko tupu. Muulize, "Bado ngapi zijae?" Hapo ameshaanza kujumlisha na kutoa, na hakuna aliyetaja neno hesabu. Kwangu hakuna zana ya dukani inayokishinda kipande hicho.

Kuandika tarakimu kuje polepole, kwa kidole kwenye mchanga kwanza. Akiigeuza 3 ikatazama upande mwingine, umri huu ni kawaida.

Kuhusu mwalimu, usimwendee kwa ugomvi. Utaratibu unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na madarasa mengi yamepita hapo mbali. Mwombe kitu kimoja kidogo: kijana awe mgawaji wa vikombe wakati wa uji, kikombe kimoja kwa kila mtoto, kisha aseme vimebaki vingapi. Na kama muhula mzima utaisha mkifanya haya kila siku naye bado yuko kwenye mbili, mpeleke hospitali wampime masikio na macho kabla mtu yeyote hajamwita mzito tena.